Tuliuza Dagaa Ili Asiondoke

Kanisani kwetu mtu anaitwa kijana mpaka siku atakapooa au kuolewa. Mimi nimevuka thelathini na bado ni kijana, tena mwenyekiti wa vijana, cheo nilichopewa Jumapili ambayo sikuwepo kwa sababu ya malaria. Niliporudi nikakuta nimeshaombewa. Ndivyo mambo yetu yanavyokwenda: mtu akishaombewa mbele ya watu kwa jambo fulani, kulikataa jambo hilo ni kama kumkataa Mungu mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti, nikaanza kuitisha vikao.

Kanisa liko Mabatini, juu ya maduka, mahali ambapo nyumba zimejengwa pale tu mawe yalipokubali. Kwenye orodha vijana tuko ishirini na kitu. Kwenye kikao tunakuwa saba au wanane, na karibu wote tuna vyeti. Yupo mwenye shahada ya uhasibu anayeendesha bodaboda ya mjomba wake. Yupo aliyesomea maabara, anauza vocha za simu. Mimi nimesomea ualimu, nafundisha watoto wa majirani masomo ya ziada sebuleni kwa mama yangu, na mzazi mmoja hunilipa kwa nyanya. Kila majina ya ajira yanapotoka tunayasoma pamoja kwenye simu, kutoka juu mpaka chini, halafu tunaanza mazoezi ya kwaya.

Rafiki yangu, ambaye habari hii ni yake kuliko yangu, hakuwa na cheti, lakini alijua kukaanga dagaa. Kwao ni Majita, upande wa Mara. Alikuja Mwanza akiwa na miaka kumi na tisa kuishi na shangazi yake, shangazi akahama, yeye akabaki kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mtoto wake wa kike, wakati wa habari hii ana miaka mitano, alikuwa Majita kwa bibi yake. Kwa miaka tisa mimi na yeye tuliimba sauti ya pili tukiwa tumekaa benchi moja, na nikipotea kwenye wimbo nilikuwa namtegea sikio yeye.

Dagaa wengi wa soko la Mwaloni wanakuja na mchanga, kwa sababu wameanikwa chini. Mtu mvivu huosha mara mbili akasema imetosha. Yeye aliosha mpaka maji ya mwisho yakawa meupe kabisa, akatoa vichwa, akaanika upya juu ya wavu, ndipo akawakaanga kwa alizeti na kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Walikuwa wakavu, wanavunjika mdomoni, wala hukusikia chembe ya mchanga kwenye jino. Pakiti alizifunga kwa mshumaa na kipande cha msumeno kama wauza karanga: unakunja mdomo wa mfuko juu ya msumeno, unapitisha moto, plastiki inashikana. Vidole vyake viwili havikuwahi kupona malengelenge.

Jumamosi moja baada ya mazoezi aliniambia kuwa amepata wakala wa kumtafutia kazi za ndani Uarabuni, mkataba wa miaka miwili. Aliniambia kwa sauti ya kawaida huku anakunja joho la kwaya, kana kwamba ananieleza kuwa kesho atafua. Kilichokuwa kinamkwamisha ni pesa ya pasipoti, ya vipimo, na ya kwenda kukaa Dar es Salaam wakati anasubiri. Nilimuuliza mtoto je. Akasema mtoto ana bibi yake. Tulipokuwa tunashuka zile ngazi za mawe akaongeza maneno ambayo mimi niliyachukua kama ahadi.

"Dagaa hawa wangekuwa wanauzika, nisingeenda kokote. Ningepata chumba na sebule hapahapa, nikamchukua na mwanangu."

Basi nikaamua watauzika. Nisijifanye mwema hapa. Marafiki zangu wa chuo wametawanyika, wengine wameolewa huko Geita na Kahama, na tukipigiana simu tunaulizana habari za watoto ambao mimi sina. Yeye akiondoka ningebaki na mama yangu na televisheni. Nilikuwa napigania rafiki yangu abaki, na nilikuwa najipigania mwenyewe, na sikuona haja ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Kikao cha vijana kilikubali bila ubishi, jambo geni kwetu. Tungetengeneza pakiti mia mbili na kuziuza kanisani. Kitakachopatikana tungelipia miezi sita ya fremu moja ndogo ya duka iliyokuwa wazi pale barabarani, tungenunua mashine ya kufungia mifuko, na kuanza kufuatilia vibali. Yeye angekuwa mpishi na bosi, sisi tungefungasha na kusambaza. Mhasibu wetu wa bodaboda alichora nembo, samaki mdogo aliyevaa taji, ambaye kwa kweli alifanana na kiatu. Tulichanga tulichokuwa nacho, tukaenda Mwaloni, tukarudi na magunia.

Tulifanya kazi siku tatu kwenye ua wa nyumba aliyopanga. Wasomi saba tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, tunatoa vichwa vya dagaa, na yeye anapita nyuma yetu kukagua. "Huyu mwalimu anaacha macho," alisema, akanirudishia fungu langu zima. Wa maabara alianza kutueleza bakteria wanavyozaliana kwenye unyevu, tukamwambia anyamaze, akaendelea. Mchana tulikula dagaa wenyewe na ugali. Siku zile tatu nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani wala chuoni, na niliamini kabisa kuwa maisha yangu yameanza.

Yeye alikuwa na sharti moja. Hakutaka dagaa wake wapelekwe mnadani. Mnada wa kanisa kila mtu anaujua: baada ya ibada mzee ananyanyua kuku au mkungu wa ndizi, watu wanapandishiana bei, aliyeshinda analipa kisha anasema narudisha, iendelee kubariki wengine, na kitu kilekile kinauzwa tena. Nimeona yai moja likiuzwa mara tisa na mwishowe likasahaulika mezani. Ni namna nzuri ya kuchangia na sina ugomvi nayo. Ila yeye alikuwa anatafuta jambo jingine.

"Nataka mtu anunue, aende nazo kwake, ale na wanawe," alisema. "Jumapili ijayo arudi mwenyewe aseme nipe nyingine. Nikiliona hilo, nabaki."

Tukaweka meza nje ya mlango, bei moja, kitambaa cheupe, pakiti zimepangwa safu. Jumapili ya kwanza ziliuzwa kumi na moja, na kati ya hizo nne zilinunuliwa na mama zetu. Jumapili ya pili ziliuzwa sita. Watu hawakuwa wabaya. Walisimama, wakashika pakiti, wakasifu nembo. Baba mmoja alisema kwake kuna gunia zima limeletwa na shemeji yake kutoka Ukerewe na hajui alifanye nini. Mama mwingine aliigeuza pakiti, akaisoma nyuma na mbele, kisha akaniuliza hawa ni dagaa wa ziwa gani. Nikamwambia ni wa hapa hapa, mama. Akairudisha mezani taratibu, akaonekana amenihurumia.

Ndipo nilipoelewa kosa letu, na sijui tulilikosaje wote na vyeti vyetu. Tulikuwa tunawauzia watu wa Mwanza dagaa. Watu ambao dagaa kwao ni kitu cha kupimiwa kwa kopo la sado na kuongezewa kiganja kizima cha bure juu yake, kitu unacholetewa na ndugu bila kuomba, kitu unachompa mgeni wa ghafla na kumwomba radhi. Hakuna aliyewahi kukiona kwenye mfuko wenye samaki mwenye taji. Waliotoka Mwanza wakaenda kuishi mbali pengine wangelia wakiwaona. Lakini wao hawasali kwetu.

Yeye alikaa nyuma ya meza zile Jumapili mbili, anatabasamu, anarudisha chenji. Hakuna aliyerudi kusema nipe nyingine. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilichukua pakiti mbili nikasahau kumwambia zilikuwa tamu kiasi gani. Jumapili ya pili tukiwa tunakunja kitambaa aliniambia wakala amepiga simu mara mbili wiki ile. Alisema hivyo tu.

Jumatano nikaenda kwa mzee wa kanisa bila kumwambia mtu. Mzee huyu ni mwalimu mstaafu, Msukuma wa Magu, na yeye ndiye anayeendesha minada yetu miaka yote, kwa sababu ana sauti ambayo haihitaji umeme na anajua nani kalipwa pamba na nani kauza ng'ombe. Nilimkuta anawapa kuku chakula. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamweleza haraka, nimesimama, kwa sababu nilikuwa naona aibu: binti yetu wa kwaya anataka kwenda Uarabuni, tunatafuta pesa, tumeuza dagaa mezani hawauziki, tunaomba mnada. Na fremu nilimtajia. Naapa nilimtajia. Lakini nilianza na Uarabuni, na kwetu ukishataja safari ya namna hiyo, yanayofuata yote mtu anayasikia kama maelezo ya safari.

Mzee akasema hilo ni jambo jema sana, na wala nisiwe na wasiwasi, niliachie mikononi mwake. Akanipa mayai matatu nimpelekee mama.

Rafiki yangu sikumweleza mambo ya mzee. Nilimwambia tu kwamba vijana wengine wanaomba mnada mara moja, wa kumalizia zilizobaki, na kwamba safari hii tutatangaza kurudisha ni marufuku, ukinunua unaondoka nazo. Alinitazama kidogo. "Watarudisha," alisema. Nikamwambia hawatarudisha. Akasema haya, fanyeni.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana mzee alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Baada ya ibada, kabla ya baraka, aliniita mbele nimsaidie. Yeye angenyanyua pakiti kwa mikono miwili, mimi nishike kipaza sauti na kutaja majina ya walionunua. Kwa hiyo kipaza sauti nilikishika mimi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee alisogea katikati, akapaza sauti yake ile ya kuita paredi ya asubuhi.

Akasema Bwana asifiwe, wakaitika amina. Akasema wapendwa, binti yetu huyu mnayemwona kwenye kwaya, ambaye hana baba, ambaye ametuimbia miaka yote hii, Mungu amemfungulia mlango, amepata safari ya kwenda Uarabuni kufanya kazi. Kinachomzuia ni pesa. Je, mtoto wetu akwame tukiwa tunaangalia?

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kuna mzee wa nyuma alisimama kabisa akapunga kofia. Nikageuka kutazama benchi letu la sauti ya pili, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa amekunja uso wala nini. Alikuwa ananitazama tu, anasubiri.

Nilijua palepale kilichotokea. Sitaki kudanganya kwamba nilichanganyikiwa. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na betri ilikuwa mpya, na nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Lakini mzee alikuwa ameshanyanyua pakiti ya kwanza, na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa ameshatamka elfu hamsini. Elfu hamsini, pakiti moja ya dagaa. Nikasema moyoni, acha kwanza zijae, nitawaeleza baadaye, pesa ni pesa. Nikataja jina la yule mama kwenye kipaza sauti, na yeye akasema anarudisha, iendelee.

Na ikaendelea. Ile ya marufuku ya kurudisha sikuitangaza kabisa. Pakiti zilikwenda na kurudi kutoka kila pembe ya kanisa. Jumuiya zikashindana, kwaya ya akina mama ikanunua kumi kwa mpigo na kuzirudisha kwa mpigo, watoto wa shule ya Jumapili wakachanga sarafu wakanunua moja, nao wakafundishwa kuirudisha. Mhasibu wetu alikuwa anaandika huku jasho linamtoka, na kila mara ananinyanyulia kidole gumba. Pesa ya fremu ilipita. Ya mashine ikapita. Vijana wenzangu walikuwa wanarukaruka pale nyuma, maana walidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba pesa ni pesa.

Halafu mchungaji akamwita rafiki yangu mbele aombewe. Nilikuwa nimelisahau hilo. Alipiga magoti kwenye zulia, mchungaji akaweka mkono kichwani pake, wazee wakamzunguka, kanisa zima likanyoosha mikono. Akaombewa safari njema, mwajiri mwenye hofu ya Mungu, kibali mbele ya wageni, na kurudi salama. Maombi yalikuwa marefu na ya upendo wa kweli, watu wengine walilia. Alipoinuka wakapanga foleni kumshika mkono. Usitusahau huko. Usisahau kusali. Mama aliyekuwa ameniuliza kuhusu ziwa alimpa kitenge kipya alichokuwa amejifunga yeye mwenyewe.

Nilijaribu kurekebisha. Jumanne niliwaomba wazee kikao, nikawaeleza kuwa mpango wetu ulikuwa fremu, ili huyu abaki na sisi tupate kazi. Wakanisikiliza vizuri. Mchungaji akaniambia kwa upole kwamba sadaka ikishatajiwa kazi yake mbele ya madhabahu, kuihamishia kazi nyingine ni kuwadanganya waliotoa, na hilo haliwezi kufanyika. Alisema kweli. Mzee mnadi akashangaa hasa. Hakuwa na hila hata kidogo. Aliniuliza, "Mwanangu, mtu anachangiwaje abaki? Kubaki si anabaki tu?"

Pesa alikabidhiwa yeye mwenyewe kwenye bahasha, huku tunapigwa picha. Ilitosha pasipoti, vipimo, nauli, matumizi ya Dar es Salaam, na ikabaki ya kumwachia mama yake kule Majita. Kwenye kundi letu la wasapu watu walipongezana siku nzima. Mratibu wa vijana wa jimbo alituma ujumbe wa sauti akisema ni harambee iliyofanikiwa kuliko zote alizowahi kusikia kwa vijana wa Mwanza, na akaniomba niandike tulivyofanya ili wengine waige. Niliandika kurasa mbili.

Pakiti zilizorudi zilikuwa mia na sabini na kitu. Zilikaa kwenye maboksi chini ya meza ya vijana mpaka zikalainika, maana mshumaa haufungi kama mashine. Tukagawana. Mimi na mama tulizila karibu mwezi mzima.

Siku moja kabla hajaondoka nilikwenda chumbani kwake kumsaidia kufunga begi. Mtoto alikuwa ameletwa kuaga na alikuwa amelala kitandani katikati ya nguo. Tulikuwa hatujazungumza habari ya mnada hata mara moja, tulikuwa tunazungumza habari za begi na uzito wake. Nikaona nisiposema siku ile sitasema tena. Nikamweleza yote, mzee, kuku wake, fremu, jinsi nilivyoanza na Uarabuni. Nikamwambia nilitaka abaki, na kwamba hata sasa angeweza kukataa.

"Nikatae baada ya kuombewa?" alisema. Aliendelea kukunja kanga. "Najua ulitaka nibaki. Lakini mlikuwa kanisa zima mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyesema asiende. Na maiki ulikuwa nayo wewe."

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi angekasirika, tungegombana, tungelia, pengine kuna kitu kingevunjika kikatengenezwa upya. Nikakaa kwenye ndoo. Akasema kitu kingine, taratibu ili asimwamshe mtoto, kwamba hata hivyo pakiti zilikuwa zinarudi, alikuwa anaziangalia zinavyorudi, na kwamba ningesema au nisingesema, jibu lake alikuwa ameshalipata. Nadhani alikuwa ananisaidia. Haikunisaidia.

Mkataba wa miaka miwili umeisha, na ameongeza mwingine. Anapiga simu akipata nafasi, dakika chache, na sauti yake siku hizi iko chini kama ya mtu anayeongea huku chumba cha pili amelala mgonjwa. Sijui anaishije, kwa sababu nikimuuliza anasema mzima. Anatuma pesa Majita. Mtoto ameanza shule, na bibi yake aliniambia kuwa anamwita mama yake Dada wa Kwenye Simu. Kanisani wanamkumbuka kwenye maombi ya kila mwisho wa mwezi, pamoja na wasafiri wengine.

Wasafiri wameongezeka. Baada ya mnada ule nilipata sifa, na sifa yangu ni kwamba mtu akipitia kwangu anaondoka. Amekuja mmoja wa soprano, tukauza sabuni ya maji, akaenda. Akaja yule wa maabara, tukauza keki, akaenda kulinda ghala huko huko Uarabuni. Safari ya tatu hata sikutaka kuisimamia, lakini niliitwa mbele, nikapewa kipaza sauti, nikataja majina. Yote yamefanikiwa. Kwaya ina sauti ya pili ya watu wawili, mimi na msichana ambaye bado anasoma sekondari, na tukiimba watu wanadhani tunaongea.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani binti mwingine, ana miaka ishirini na mbili, anafanya kazi ya kusuka nywele kwa mtu kule Mirongo, analipwa siku ambayo wateja wamekuja. Alinikuta sebuleni na watoto wangu wa masomo ya ziada. Akaniamkia shikamoo dada, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akatoa simu kunionyesha ujumbe wa wakala. Alisema ameambiwa mimi ndiye ninayejua kuandaa. Alikuwa na furaha, na amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi.

Nikamwambia asiende. Sikulipanga, lilitoka lenyewe, tena kwa sauti kubwa mpaka watoto wakaacha kuandika. Nikalirudia. "Usiende, mdogo wangu. Baki."

Hakushtuka. Akaweka simu mapajani, akanitazama kwa adabu yote, akasubiri. Kisha akaniuliza, "Sawa, dada. Nikibaki nifanye nini?"

Aliuliza kwa kutaka kujua. Alikuwa tayari kunisikiliza, hilo nililiona, na pengine ningekuwa na kitu chochote cha kumwambia angekichukua. Mama alipita akaenda jikoni, akarudi. Mtoto mmoja akauliza kama swali la nne wanaliruka. Nikavuta daftari, nikamuuliza yule binti anajua kupika nini.